Mafua ya Mbeya na chupa ya mkojo

Juni ikiingia na baridi ya Mbeya ikianza kuuma, vijana wakimbiaji ninaowasimamia mazoezini huanza kukohoa, na swali huwa lile lile: "Mwalimu, ninywe nini?" Mchana nafundisha kemia sekondari, jioni nashika saa wakati wao wanapanda mlima, kwa hiyo swali linanihusu mara mbili. Jibu langu: soma boksi kabla hujameza, maana dawa ya mafua inaweza kukuangusha kwenye kipimo cha mkojo.

Dawa nyingi za kuzibua pua zina pseudoefedrini. WADA, shirika linalosimamia vita dhidi ya dawa za kusisimua misuli duniani, hukataza dawa hii wakati wa mashindano tu, na kikomo ni mikrogramu 150 katika kila mililita ya mkojo. Mashindano kwao huanza saa 5:59 usiku wa kuamkia mbio. WADA hushauri uache saa 24 kabla. Mimi nawaambia vijana siku tatu. Mkojo wenye asidi huitoa dawa hii haraka, usio na asidi huichelewesha, na hakuna anayejua mkojo wake utakuwaje Jumapili asubuhi.

Kinachonitisha zaidi ni salbutamol, dawa ya pumu. Pumpu ya pumu inaruhusiwa: mikrogramu 1,600 kwa saa 24, na zisizidi 600 ndani ya saa 8 zozote. Lakini vidonge na sirapu yake, vile vya bei rahisi ambavyo mtu hupewa dukani kwa kikohozi, vimekatazwa wakati wote, hata ukiwa likizo. Kijana hununua kidonge kwa nia njema kabisa. Mashine haipimi nia.

Sindano nazo ziogope. Tangu 2022 sindano za steroidi za kutuliza uvimbe zimekatazwa wakati wa mashindano popote zinapochomwa. Triamsinoloni, mojawapo ya hizo, ikichomwa kwenye msuli, WADA hushauri usubiri siku 60. Muulize daktari jina la dawa, uliandike. Kama ugonjwa unailazimisha, kuna kibali cha matibabu, na kwa kawaida huombwa mapema. Chai na kahawa ya Mbozi kunyweni tu, kafeini iliondolewa kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa mwaka 2004.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu hudanganyana vijiweni. Tuseme wakimbiaji 1,000, kumi kati yao wanatumia dawa, na kipimo kinawanasa wote kumi ila kinamsingizia mmoja katika kila wasafi mia. Wasafi ni 990, basi karibu kumi watasingiziwa. Kati ya ishirini waliokamatwa, nusu hawana hatia! Kipimo ni kilekile cha "asilimia 99". Ndiyo maana maabara, ambako mkojo wako hufika katika chupa mbili, A na B, hupima mara ya kwanza kwa kuchuja, kisha huchukua sehemu nyingine ya chupa A na kuthibitisha kwa mashine inayotenganisha kemikali na kupima uzito wa vipande vya molekuli. Ndiyo maana pia salbutamol yenye kikomo cha nanogramu 1,000 katika kila mililita ya mkojo hutangazwa tu ikivuka 1,200: ile 200 ni nafasi ya makosa ya kipimo chenyewe.

Kwa sisi wa nyanda za juu kuna jambo jingine. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwinuko huongeza hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni. Mtu akilinganishwa na mkimbiaji wa pwani angeonekana mwizi aliyeiongeza kwa dawa. Pasipoti ya kibiolojia, yaani kumbukumbu ya vipimo vyako vya damu, iliyoanza rasmi 2009, haifanyi hivyo. Ni kama kadi ya kliniki ya mtoto: unalinganishwa na mstari wako mwenyewe. Kompyuta hukokotoa wigo wako kutokana na vipimo vyako vya nyuma, na kipimo kikitoka nje, wataalamu huangalia kama kuna sababu nyingine. Ndiyo maana ukitolewa damu utaulizwa kama ulikuwa mahali pa juu siku za karibuni. Ukishuka Kyela kufanya mazoezi, kisha ukarudi Uyole, litaje, na tarehe.

Kwenye fomu ya mkojo taja pia kila dawa na kirutubisho ulichotumia siku saba zilizopita, pamoja na zile mitishamba za stendi. Na kabla hujatia sahihi, hakikisha namba za chupa A na B zinafanana na za kwenye fomu. Majibu yakija mabaya, una haki ya kuomba chupa B ifunguliwe, wewe au mwakilishi wako akiwepo.