Mrudishie Mtoto Bibi Yake

*Shangazi, mimi na mume wangu tulikuwa tunapigana sana kwa sababu ya pombe yake. Mtoto wetu wa miaka minane tukampeleka kwa mama mkwe, Kilosa, akakaa mwaka mzima. Nimemchukua, sasa anakojoa kitandani, haongei, analilia bibi tu. Mama mkwe amemharibu kwa kumdekeza. Nataka kumpeleka bweni ili amsahau. Nifanyeje? Mama wa Mbagala.*

Pole, mwanangu. Kuishi na mlevi ni mateso.

Ila barua yako ina mengi uliyoyaruka. Hukuandika kwamba Kilosa mtoto alikuwa akikojoa kitandani. Naamini hakuwa akikojoa. Kwa bibi yake alilala bila kusikia matusi ya usiku, na wewe hilo unaliita kudekezwa! Kinachokuuma ni kwamba mwanao amempenda mama mkwe. Mimi niko upande wa huyo mama.

Mtafiti wa Marekani, Emmy Werner, na wenzake walifuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi wakafika miaka 40. Katika waliokulia kwenye umaskini, ulevi na ugomvi wa wazazi, kama theluthi moja walikua watu wazima wenye utulivu na kujiamini. Wengi wao walikuwa na mtu mzima mmoja aliyewashikilia asiwaache, na kwa baadhi yao mtu huyo alikuwa bibi au babu. Wazee wetu walisema kuzaa si kazi, kazi kulea. Mwanao alishampata mtu wake, wewe unataka amsahau.

Na bweni? Serikali ilizuia bweni kwa watoto wa chini ya darasa la tano mwaka 2023, na mwanao hajafika huko. Ndoa za siku hizi zikitetereka, anayefungiwa sanduku ni mtoto, wakati wagomvi wamebaki nyumbani.

Mpigie mama mkwe leo, umwombe radhi, kisha mpe mtoto simu waongee. Likizo aende Kilosa. Usimchape wala kumwita kikojozi mbele ya wenzake. Mpeleke zahanati wampime mkojo na sukari, isije ikawa ni ugonjwa.

Hukusema kama baba yake ameacha pombe. Kama ngumi bado zipo, mtoto arudi kwa bibi wiki hii, nawe umwone afisa ustawi wa jamii. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure.