Kabla Hujamtaja Mpiga Drams Bora Kuliko Wote

Ubishi wa drams hukwama palepale kila siku. Mmoja anamtaja John Bonham wa bendi ya roki ya Led Zeppelin, wa pili Buddy Rich wa jazi, wa tatu Tony Allen wa Afrobeat, halafu watu wanapandishiana sauti bila kugundua kwamba kila mmoja anajibu swali lake. Bonham anasifiwa kwa uzito, Rich kwa mikono, Allen kwa jinsi mikono na miguu yake ilivyokuwa ikiongea, kila kiungo na neno lake. Ukiwapanga kwenye mstari mmoja unapima maji kwa rula.

Anzeni na swali moja tu. Kuna wanaopenda swali la kasi, kuna wa ubunifu. Swali linalozaa matunda zaidi ni hili: mtu huyu akitolewa, akakaa mwingine hodari vilevile, wimbo unabaki ule ule? Swali hili linawaangusha wengi wenye solo za dakika kumi, na linawainua watu ambao hata majina yao hayakuandikwa kwenye jalada la santuri.

Halafu, tafadhali, msibishane mkisikilizia spika ya simu. Ngoma ya mguu, ile kubwa inayolala chini, ina sauti nzito ambayo spika ndogo haiwezi kuitoa. Utakachosikia ni kidokezo cha juu tu cha pigo. Nusu ya kazi ya mpiga drams imeshapotea hapo. Vaeni hedifoni. Mkilinganisha rekodi mbili, sawazisheni sauti kwanza, kwa sababu sikio hudhani chenye sauti kubwa ndicho bora, na rekodi za karibuni kwa kawaida hukandamizwa zitoke kwa kishindo kuliko za miaka ya 1960.

Sikiliza kipande cha nusu dakika mara tatu. Mara ya kwanza fuata mkono unaopiga matoazi peke yake. Mara ya pili fuata mguu. Mara ya tatu fuata snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, na hapa usisikilize lile pigo kubwa linalolia kama kofi, sikiliza vipigo vidogo vilivyo katikati, vya kunong'ona, ambavyo fimbo inainuka sentimita chache tu kutoka kwenye ngozi. Bernard Purdie, mpiga drams wa Marekani, anakaa humo. Mdundo wake maarufu unasikika vizuri kwenye "Home at Last" ya Steely Dan, ya mwaka 1977. Gawa kila pigo vipande vitatu: haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu, inachukua cha kwanza na cha tatu, snea inanong'ona kile cha katikati, kisha kofi linatua kwenye pigo la tatu la mzunguko wa mapigo manne. Anayejifunza huharibu kwa njia ileile siku zote: minong'ono inapanda sauti mpaka inalingana na kofi, na mdundo unakuwa mtu anayekimbia na viatu vikubwa. Jeff Porcaro alichukua mdundo huo, akauchanganya na wa Bonham, akapata "Rosanna" ya Toto mwaka 1982. Kwa hiyo anayesema Porcaro ni bora kuliko Purdie, na anayepinga, wote wawili wanasikiliza nyumba moja kwenye vyumba tofauti.

Rege inahitaji tahadhari yake, kwani ndiko ugomvi wa bure unakotokea. Carlton Barrett, aliyepiga na Bob Marley, aliliacha pigo la kwanza wazi na kutua na ngoma ya mguu pamoja na snea kwenye la tatu. Mwingine atakuapia kwamba ni la pili na la nne. Hakuna mwongo: anayehesabu harakaharaka analipata la tatu, anayehesabu polepole mara mbili analipata la pili na la nne. Kubalianeni mwendo wa kuhesabu, ubishi unaisha. Ugumu wenyewe uko kwenye lile pigo lililoachwa. Mzoefu wa roki akikalia drams za rege, mguu wake unalijaza bila kuombwa.

Kwenye muziki wa metali, yaani heavy metal, watu hutaja kasi. Sawa, ipimeni basi. Wimbo wenye mapigo 200 kwa dakika, miguu ikigawa kila pigo mara nne, ni vipigo 800 kwa dakika, yaani zaidi ya 13 kwa sekunde. Punguza mwendo wa video hadi nusu na usikilize kama nafasi kati ya kipigo na kipigo zinalingana. Mguu dhaifu huchelewa, ukasikia jozi-jozi kama farasi anayechechemea. Lakini jihadhari. Rekodi nyingi za metali hutumia vitambuzi vinavyobandikwa kwenye ngoma, na kila kipigo, chepesi au kizito, kinatoka na sauti ileile iliyohifadhiwa. Usafi huo haukutoka mguuni. Mtafute mtu huyo jukwaani kabla hujamvika taji.

Chumba nacho hudanganya. Uzito wa Bonham kwenye "When the Levee Breaks" ulitokana kwa sehemu kubwa na drams kuwekwa ukumbini, pale ngazi za nyumba ya Headley Grange huko Uingereza zinapoanzia, na maikrofoni kutundikwa juu. Unaposifu ukubwa ule, unawasifu pia waliochagua pale pa kurekodia. Ukitaka Bonham mwenyewe, nenda "Good Times Bad Times" ya 1969 na ufuate mguu wa kulia: vipigo vya harakaharaka ambavyo wengi hudhani vimepigwa kwa pedali mbili. Ni moja.

Metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mwendo, itumike kwa busara. Rekodi nyingi za zamani zilipigwa bila mlio wa kuongoza, na wimbo kusogea kidogo kuelekea kiitikio si kosa kama bendi nzima imesogea pamoja. Kosa ni mtu anayejaza nafasi kwa mbwembwe kisha anarudi kwenye pigo la kwanza kabla wenzake hawajafika.

Sasa rudisha lile swali la kumtoa mtu. Mtoe Tony Allen kwenye bendi ya Fela Kuti, na Afrobeat yenyewe inakosa miguu. Mtoe Clyde Stubblefield kwenye "Funky Drummer" ya James Brown, iliyorekodiwa 1969, na nyimbo lukuki za hip hop zinakosa mdundo wa kukata na kurudia. Stubblefield hakuandikwa kama mtunzi, kwa hiyo mrabaha haukumfikia. Mtoe Elvin Jones kwenye kundi la John Coltrane, na saksafoni inabaki ikielea bila wimbi la kupanda.

Kuna watakaouliza kama J Dilla, mtayarishaji wa hip hop, anaruhusiwa kwenye orodha, maana alipiga kwa vidole kwenye MPC, mashine ya kutengenezea midundo. Mnaobishana muamue mapema. Mimi ningemruhusu: aliacha mapigo yake bila kunyooshwa na mashine, yakatua kabla au baada kidogo ya pale sikio linapoyangoja, na wapiga drams wa fimbo, Questlove akiwamo, wakalazimika kujifunza upya namna ya kuchelewa.