Waliomtimua ndio walioisafisha

Mhariri, mmeuliza kama filamu ya zamani ikisafishwa upya, yaani picha na sauti zilizochakaa zikirekebishwa, hupata au hupoteza. Mimi naona swali lenyewe ni hili: nani mwenye haki ya kuisafisha?

Chukueni filamu Branded to Kill ya mwongozaji Mjapani Seijun Suzuki, 1967. Muuaji wa kukodiwa, wa tatu kwa ubora Japani, mlevi wa harufu ya wali unaoiva, anakosa shabaha kwa sababu kipepeo ametua kwenye bunduki. Basi, anaanza kuwindwa yeye. Mwaka 1968 Kyusaku Hori, mkuu wa Nikkatsu, studio iliyoitoa, alimfukuza Suzuki baada ya filamu zipatazo 40: eti hazieleweki, hazilipi. Suzuki akamburuza mahakamani. Walipatana mwaka 1971, lakini hakupata filamu nyingine ya sinema hadi 1977. Leo Nikkatsu hiyohiyo imeisafisha Branded to Kill, na mwaka 2022 ikabeba tuzo ya urejeshaji bora kwenye tamasha la filamu la Venice. Suzuki alishafariki 2017. Hapo ndipo damu inaponichemka.

Nilimtazamisha filamu hiyo mjomba wangu, fundi bomba. Muuaji anaingia chini ya jengo, anafungua bomba la maji machafu, anamlenga daktari wa macho aliyeinamia sinki huko juu. Risasi inatokea kwenye tundu! Mjomba akasimamisha picha. "Chini ya sinki lazima pawe na kona inayobakiza maji, la sivyo nyumba nzima inanuka. Risasi inakata kona?" Akachukua bahasha ya bili ya umeme, akachora kona, akachora na mabomba ya ghorofa zote, akanieleza hadi chai ikapoa. Kisha akasema, "Rudisha." Tukairudia mpaka akaridhika kwamba huyo mwongozaji hajawahi kufunga sinki. Muuaji alipotoroka juu ya puto la matangazo, aliuliza tu puto ni la nani.

Ninapoandika haya, namwona Hori hakusema uongo. Haieleweki, hata kwangu. Na bila studio yake kumlipa Suzuki, tusingekuwa na filamu ya kugombania. Basi waisafishe, wana haki, mradi kila inapooneshwa waseme walichomfanyia. Waliopo leo sio waliomfukuza, hilo nalo nalikubali, shingo upande.

Ila kama hamjawahi kumwona Suzuki, msianze na hii. Anzeni na Tokyo Drifter ya 1966: ina rangi, ina nyimbo, na haiwadai akili nyingi.