Maswali ya wasomaji: Nunua sikio kwanza, pedi baadaye

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni binti wa Morogoro, nina miaka 22, najifunza u-DJ kwenye laptopu ya chuo kwa programu ya Mixxx. Nimedunduliza laki mbili na nusu. Kuna kijana anauza Akai LPD8 iliyotumika, kidude cha kuchomeka kwenye laptopu kwa USB, anataka laki na sabini. Anasema ina pedi nane za kubonyeza na nobu nane za kuzungusha, inatosha kuchezesha sherehe nzima. Ninunue? Na nikiinunua niiungeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kijana hajakudanganya kuhusu pedi na nobu, lakini kuna jambo hajakwambia, na ndilo linalowaliza wanaoanza wengi: kile kidude hakipitishi sauti hata kidogo. Ukibonyeza pedi, kinachokwenda kwenye laptopu ni ujumbe wa MIDI tu: pedi namba fulani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani kati ya 0 na 127. Muziki wote unatoka kwenye laptopu yenyewe, na laptopu ina tundu moja la hedifoni. Ukichomeka spika kwenye tundu hilo, wimbo unaofuata utausikilizia wapi kabla ukumbi haujausikia?

Kwa hiyo kabla ya pedi nunua sikio. Njia mbili ziko ndani ya hela yako.

Ya kwanza ni waya wa splita wa ma-DJ. Unaigawa ile sauti ya kushoto na kulia: upande mmoja unakwenda kwenye spika, wa pili kwenye hedifoni zako, kila mmoja ukiwa mono, yaani sauti ya njia moja. Angalia sana dukani, maana splita za kawaida zimejaa, zile za watu wawili kusikiliza simu moja, na kwa macho zinafanana na ya DJ. Ile ya kawaida inatoa sauti ileile pande zote mbili na haitakusaidia chochote. Nenda na simu na hedifoni, cheza wimbo ambao unaujua una kitu kushoto kisichokuwepo kulia, usikilize kila tundu. Tofauti isiposikika, irudishe kwenye kaunta.

Ya pili ni kadi ndogo ya sauti ya USB. Spika zichomeke kwenye kadi, hedifoni zibaki kwenye laptopu. Kisha fungua Mixxx, ingia Preferences, sehemu ya Sound Hardware, useme sauti kuu itokee kwenye kadi na ya hedifoni itokee kwenye laptopu. Mimi naipenda hii, kwa sababu ukumbini sauti inabaki stereo, na taarabu yenye fidla upande mmoja na kinanda upande wa pili haivunjiki.

Tuje kwenye LPD8 yenyewe. Ni kifaa kizuri. Haidai programu ya ziada ili itambuliwe, iwe Windows, Mac au Linux, na inaingia kwenye mkoba. Lakini haina feda hata moja, yaani kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti, wala gurudumu la kusukumia wimbo. Ukibahatika kukuta Numark DJ2GO2 Touch iliyotumika kwa bei inayokaribiana na hiyo, chukua hiyo bila kuniuliza tena: ina magurudumu mawili madogo, krosifeda (kitelezi cha kuhama kutoka wimbo mmoja kwenda mwingine), pedi nne kila upande, na tundu lake la hedifoni, yaani sikio limo ndani. LPD8 inunue kama hiyo nyingine haipatikani, au kama unachopenda hasa ni kuchezea vipande, kurudisha kiitikio na kugongagonga sauti juu ya wimbo.

Siku ya kununua nenda na laptopu yako. Bonyeza kila pedi mara tatu: kwa upole, kawaida, kwa nguvu. Pedi iliyochoka utaijua, inataka kugongwa kama mlango. Kila nobu izungushe polepole kutoka mwanzo hadi mwisho huku ukitazama skrini. Thamani ikirukaruka, nobu hiyo imeshakula vumbi. Halafu tikisa waya wa USB pale unapoingia. Kifaa kikikatika na kurudi, ondoka, hata ukipunguziwa.

Kuifundisha ni kazi ya jioni moja. Katika Preferences nenda Controllers, chagua LPD8, washa, kisha bonyeza Learning Wizard. Unabonyeza kitu kwenye skrini, kwa mfano hotikyu (alama ya mahali wimbo unaporukia papo hapo) ya kwanza ya deki ya kushoto (deki ni nafasi ya kuchezea wimbo mmoja), halafu unabonyeza pedi unayotaka ifanye kazi hiyo. Basi, zimejuana. Endelea na inayofuata.

Mpangilio wangu ni huu, na nimeufikia kwa kuumia. Mstari wa juu ni deki ya kushoto, wa chini deki ya kulia. Katika kila mstari: hotikyu mbili, lupu ya biti nne (kipande cha mapigo manne kinachojirudia), na pedi ya mwisho ya kuipeleka deki hiyo kwenye hedifoni. Nobu nne za juu na nne za chini nazifuatisha vivyo hivyo: besi, sauti ya kati, sauti kali, na ya mwisho ujazo wa deki.

Utaniuliza pedi ya kuanzisha wimbo iko wapi. Haipo, na nakuomba nawe usiiweke. Mwanzoni niliiweka. Tulikuwa kwenye kichen pati hapa Tanga, Ngamiani, bi harusi mtarajiwa ndiyo kwanza anavuka mlango, kina mama wameshasimama, khanga ziko juu. Nikanyoosha mkono nipunguze besi, kidole cha pembeni kikagusa pedi. Ukumbi ukanyamaza kimya. Pengine hazikufika sekunde nne, lakini yule binti alisimama pale mlangoni akidhani amekosea kitu, akageuka kumtazama mama yake. Uso ule sijausahau. Kesho yake nikahamishia kazi hiyo kwenye kibodi: ukiwasha njia za mkato za kibodi katika Mixxx, herufi D inaanzisha na kusimamisha deki ya kushoto, L ya kulia. Ziko mbali na pale mikono yangu inapocheza, na vitufe vya kibodi haviguswi kwa bahati mbaya kama pedi laini.

Nobu za LPD8 zina mwanzo na mwisho. Ukibadilisha kitu kwenye skrini kwa kipanya, nobu haijui. Ukiigusa, sauti inaruka ghafla. Wakati wa kuifundisha weka alama kwenye Soft takeover, nobu isubiri mpaka ifike pale ilipo thamani ya skrini ndipo ishike.

Na ule muda kati ya kubonyeza na kusikia: anza na bafa, yaani akiba ya sauti ambayo laptopu inaiandaa mapema, ya milisekunde 23 hivi. Ukiona pedi inachelewa, shuka hatua moja moja. Laptopu ikianza kukwaruza, panda hatua moja na uiache hapohapo, usiiguse tena siku ya kazi. Ukisikia mvumo kwenye spika, chomoa chaja kwanza. Mvumo ukinyamaza, tatizo ni umeme wa chaja wala si splita yako.

SWALI: Dada DJ, pedi yangu nikibonyeza mara ya kwanza wimbo unaruka kwenye hotikyu, mara ya pili hakuna kitu, ya tatu unaruka tena. Imeharibika? Msomaji, Kigamboni.

JIBU: Haijaharibika, kaka yangu, usiipeleke kwa fundi. Pedi imewekwa katika hali ya swichi ya taa: mguso wa kwanza unatuma "washa", wa pili unatuma "zima", na hotikyu inajali "washa" peke yake. Ibadilishe iwe ya kitambo, inayotuma "washa" ukibonyeza na "zima" ukiachia. Kwa LPD8 unaibadilisha kwenye programu ndogo ya Akai ya kuhariri kifaa. Ina nafasi nne za kuhifadhi mpangilio, basi hifadhi kwenye nafasi ile unayoitumia kweli.

SWALI: Mixxx inasoma singeli yangu BPM 105, yaani mapigo kwa dakika, na mimi najua ni 210. Nikiilinganisha na nyimbo nyingine inavurugika. Nifanyeje? Msomaji, Tandika.

JIBU: Programu imesikia pigo moja ikaruka moja, singeli inakwenda mbio kuliko midundo mingi iliyozoewa na wanaotengeneza programu hizi. Bonyeza wimbo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, tafuta sehemu ya BPM, zidisha mara mbili, halafu ufunge BPM hiyo isije ikachambuliwa upya. Nyimbo zako zote za singeli zifanyie hivyo nyumbani kabla ya shughuli. Ukitoka kwenye amapiano ya 112 kwenda singeli ya 210 usilazimishe kulinganisha. Weka lupu ya biti nne kwenye amapiano, toa besi taratibu, halafu iachie singeli pale inapoanza kupiga.