Mswaki wenye jicho la mwanga: ununue au uache?

Jambo dada wa Kadutu, hapa Bukavu. Umeuliza kama mswaki wa umeme unaotambua kwa mwanga mahali ulipo mdomoni unafaa, maana daktari wa meno anakuambia kila mara upande wa ndani umeusahau.

Wazo lenyewe si uganga. Kichwa cha mswaki hutoa mwanga mdogo, na kipokezi hupima unaorudi. Jino jeupe hurudisha mwingi. Ufizi una damu, nayo humeza mwanga wa kijani na bluu. Tena, mgongo wa kichwa ukigusa shavu, kipimo hakifanani na ukielekea ulimi. Hapo kifaa kinabashiri: uko nje au ndani, juu ya jino au juu ya ufizi. Kubashiri tu, lakini, kwani povu na mate huvuruga mwanga. Miswaki mingi inayotambua mahali ilipo mdomoni hutegemea zaidi vihisi vya mwendo, yaani vipande vinavyohisi jinsi mswaki unavyosogea.

Kwa Bukavu yetu, ambapo umeme huja na kuondoka kama mgeni asiyeaga, mimi nisingetoa dola zangu. Kamata mswaki laini wa kawaida, uulaze nyuzi 45 kwenye mpaka wa jino na ufizi, usugue polepole. Anzia ndani, upande wa ulimi, maana mkono huchoka mwishoni na hapo ndipo unapoharakisha. Dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floridi. Kioo na tochi ya simu vitakuonyesha ulipopita.