Faida ya benki ya Kiislamu ihesabiwe baada ya kukaguliwa

Swali la wiki hii lilikuwa: je, benki ya Kiislamu inayoshika sharia barabara hupata faida kubwa kuliko inayolegeza? Kwangu kuna swali linalotangulia hilo: nani huthibitisha kwamba sharia imeshikwa, kabla ya mteja kutia saini au baada ya hesabu kufungwa?

Niliwahi kuomba kununuliwa mashine kwa murabaha. Utaratibu wake unajulikana: benki huinunua kwanza, huimiliki na kubeba hatari ya kuharibika kwake, ndipo humuuzia mteja kwa bei ya ununuzi pamoja na faida waliyokubaliana. Afisa aliniwekea mezani karatasi tatu kwa mpigo: ahadi yangu ya kununua, uwakala wa kuinunua kwa niaba ya benki, na mkataba wa mauzo. Nafasi za tarehe zilikuwa wazi. Nilimwuliza, "Samahani ndugu yangu, mashine ingali kwa mwenyewe, leo benki inaniuzia nini?" Alinijibu kwa upole kwamba tarehe zitajazwa baadaye kwa mpangilio unaotakiwa na bodi ya sharia, yaani jopo la wanazuoni linalosimamia mikataba ya benki. Nilisaini mbili za kwanza, ile ya tatu nikairudisha. Hakufurahi, na shughuli ilichelewa sana, kwani ilibidi mashine ipokewe na kukaguliwa kwa jina la benki ndipo tuuziane.

Kwa ucheleweshaji ule, nilianza barua hii nikiamini kwamba kushika sharia hupunguza faida, na kwamba Mwislamu hana budi kuikubali hasara hiyo. Sasa naona nilikuwa nikiitazama gharama ya upande mmoja tu. Pato la mkataba uliokiuka sharia, kwa viwango vya AAOIFI, shirika linaloweka kanuni za hesabu na ukaguzi kwa taasisi za fedha za Kiislamu, si halali ya benki; hutolewa katika mambo ya heri, kama zitolewavyo faini za wanaochelewa kulipa. Tena, mwaka 2009 Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu lilitoa uamuzi kwamba tawaruki ya kupangwa, yaani benki kumpangia mteja anunue bidhaa kwa mkopo na kuiuza papo hapo ili apate fedha taslimu, haifai, ilhali zipo benki zilizoitegemea kwa mapato. Faida ya namna hiyo inaweza kung'ara vitabuni, ikaja kuondolewa na mkaguzi makini.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, kushika sharia huifaa benki hata kifedha, ingawa ukubwa wa mtaji na umahiri wa viongozi huenda vikawa na uzito zaidi, na ingawa wajumbe wa bodi ya sharia hulipwa na benki ileile wanayoisimamia.