Re: Mama yuko ICU (chumba cha wagonjwa mahututi), ndugu tujipangeje?

Pole sana dada. Kwa kuwa mama yuko kwenye mashine ya kupumulia na ndugu wote wanamzonga daktari, chagueni msemaji mmoja mwenye daftari. Aandike dawa, vipimo na majibu, jioni awaeleze wengine kwenye kundi la WhatsApp. Anayeingia anawe mikono, amshike mama kiganja, amwite vile alivyozoea kuitwa. Hata akiwa amelazwa kwa dawa za usingizi, huenda anasikia. Uji anaolishwa kwa mpira wa kwenda tumboni mwachieni nesi, maana ukiingia mapafuni ni hatari. Wenye afya wakachangie damu. Na wewe unayekesha kwenye benchi la nje, tafadhali nenda nyumbani ukaoge, ulale; kaka zako washike zamu ya usiku.